Stroberi za Mstari wa Mwisho

Mwihaki alipuliza dawa mstari mmoja tu wa stroberi, ule wa mwisho kando ya seng'enge ya jirani yake Kiplimo. Aliuchagua kwa sababu ndio ulioiva.

Utitiri ulikuwa umeanza kufuma tandabui chini ya majani, hilo ni kweli. Lakini utitiri ulikuwa kisingizio. Kila Jumapili kukicha, mstari ule ulikutwa umebaki vikonyo vitupu.

Dawa aliifuata hadi Bungoma, maana wenye maduka wa kwao Kitale wangemtambua.

"Hii ni ya waridi, madam," muuzaji alimwonya. "Kitu ya kuliwa usiguse. Na ukipuliza, weka kibao watu waone."

"Nitaweka," akajibu. Moyoni akacheka. Akiweka kibao, atamnasaje mwizi?

Jumamosi asubuhi mama mkwe wake, Gladwell, alisimama mlangoni akielekea mkutano wa akina mama.

"Mwihaki, wenzako wameshapeleka limbuko kanisani. Wewe je?"

"Mungu ana shamba kubwa, mama. Hivi vyangu atavionea wapi?"

Gladwell hakucheka. "Haya. Lakini Mungu hangoji mtu."

Alipotokomea, Mwihaki akavaa glavu na barakoa. Chupa ilisema kifuniko kimoja. Akatia kimoja, akayakumbuka meno ya Kiplimo yasiyochoka kucheka, akaongeza cha pili. Kwani kuharisha siku moja kutamuua?

Alfajiri mstari ulikuwa mtupu. Mwihaki akapiga mluzi. Akamvalisha binti yake Nyambu soksi nyeupe, akamtanguliza Sunday School, naye akaenda kanisani na kukaa nyuma ya Kiplimo kabisa.

Kiplimo aligeuka. "Mama Nyambu, leo unanikazia macho sana, bana. Ama nimependeza?"

"Tumbo lako liko aje, jirani?"

"Liko na njaa tu. Si ungeniletea hata stroberi moja?"

Mwihaki akatabasamu. Cheka tu, alijisemea.

Wimbo wa kwanza, Kiplimo akaimba besi. Wimbo wa pili, besi ikazidi. Mahubiri yakaanza, mtu ametulia kama nguzo, hata kujikuna hajikuni. Mwihaki akaanza kutupia macho benchi nyingine.

Gladwell aliingia amechelewa, akajibana kando yake na kusukuma kikapu kitupu chini ya benchi. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Kwa watoto," Gladwell akanong'ona. "Nilikuwa nangoja siku nikwambie. Kila Jumapili huwapelekea limbuko kwa jina lako, maana wewe mwenyewe ungetoa lini?" Akampapasa goti, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha. "Nyambu leo amekula stroberi za watu wawili."

Nyuma ya kanisa watoto walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Kisha wimbo ukakatika katikati.