Udhuru wa Yaya

Alikuwako Digidigi, yaya wa watoto wa Chui. Siku moja, akifagia pango, akakuta kwato za yaya aliyemtangulia, zimetafunwa. Akaamua kuacha kazi.

"Nikisema ukweli utaniponza," akawaza. "Bora niage kwa adabu."

Akamwendea Chui. "Bi Mkubwa, naomba kuacha kazi. Mama yangu mgonjwa, nakwenda kumuuguza."

Chui akashika kifua. "Maskini! Na wewe umenyamaza tu? Mgonjwa hujuliwa hali, mwanangu. Twende sote."

Digidigi akakubali, maana nani humkataza mtu kumwona mgonjwa? Akatangulia kuonyesha njia ya kwao, ambako Chui hakuwahi kufika.

Nyuma yake kitoto cha Chui kikauliza, "Yaya, kwenu mko wengi?"