Gome la Mgunga

Paliwahi kuwa na kiangazi kilichogoma kwisha. Mgunga uliowalisha wanyama mbegu kila njaa ukapukutisha majani yote.

Desturi yao ilikuwa moja: Nungunungu mkongwe aliguguna gome kidogo, akatazama chini yake, na wengine wakaliamini neno lake.

"Kuna ukijani," alisema Nungunungu. "Mti haujafa, umelala tu. Tuuache."

"Macho yako yamezeeka, bibi," alisema Nyani. "Ngoja nione mwenyewe." Akabandua gome, akaona kijani, akawatangazia wenzake.

"Tangu lini Nyani akasema kweli?" aliuliza Swala, akakwangua kwa pembe. Ngiri naye hakumwamini Swala, akaparura kwa meno yake. Kila aliyekuja alichagua mahali papya, na kila mmoja aliondoka ameridhika.

Hatimaye mvua ikanyesha. Migunga ya mbali ilichipua. Wa kwao ulibaki mweupe, uchi pande zote.

"Lakini mimi niliona kijani!" alilia Nyani. "Bibi, hebu guguna tena utuambie. Safari hii tutakuamini."

Nungunungu aliuzunguka mti polepole, akarudi alipoanzia.

"Nigugune wapi, mjukuu wangu? Hamkuniachia mahali."