Mji Aliopewa Zimwi

Katika meza za michezo za zama hizi, mchezaji akitoa kitu hadithini, humtoka na kichwani. Ndiyo maana wenye busara huweka akiba ya majina ya miji wasiyoijua.

Bi Rukiya, kiongozi wa mchezo, aliwafikisha hadithini mdogo wake Shaibu na mkewe Mwanaidi penye lango la ngome, zimwi likawazuia.

"Kitendawili!" akanguruma Bi Rukiya kwa sauti ya zimwi.

"Tega!"

"Natembea na majeshi, wala sina unyayo."

Shaibu akakuna kichwa. "Upepo?"

"Upepo umo kichwani mwako! Nipe mji."

"Chukua Jomvu," akasema, kwa mazoea ya utotoni.

Mwanaidi akamshika mkono. "Jomvu, mume wangu? Ulikonijua? Ulikonioa? Taja mwingine!"

Taa ya meza ilikwisha zimika, ishara kwamba mji umepokewa.

"Nilikwenda Jomvu," akaendelea Bi Rukiya polepole, kwani desturi haikatizwi, "wenyeji wakanilisha, wakanivisha. Jibu ni kivuli."

Lango likafunguka. Shaibu akashangilia, kisha akautazama mkono wa Mwanaidi ulioshika wake, akajinasua kwa adabu.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe mwenyeji wa wapi?"