Mhusika wa Tunu

Badi, aliyeongoza mchezo, alikuwa amechoka kubishana. Hadithi waliyoicheza mezani, kila mchezaji na mhusika wake, ilikuwa ya mji uliozingirwa na maadui, na sharti lake ni moja: hapana mfalme wala mchawi, kila mhusika awe mtu wa kazi. Shomari alinuna kunyimwa uchawi, mwisho akakubali shingo upande kuwa mwoka mikate.

Kisha Tunu, muuguzi, ambaye hata sare ya wodini alikuwa hajaivua, akakilaza kisanamu chake cha udongo mezani.

"Huyu wangu amelala."

"Kazi yake nini, dada Tunu?"

"Hana. Amelala tu."

"Sharti unalijua."

"Nalijua, Badi. Kutwa nzima nimeshinda kwa miguu. Na hapa napo nifanye kazi?"

Badi akakiacha kisanamu kilale. Mchezo ukaanza, maadui wakafika langoni. Zamu ya Tunu ilipowadia, dadu alikuwa ameifumbata kiganjani, na kichwa amekilaza mezani kando ya kisanamu.

Shomari akanyoosha mkono amwamshe. Badi akauzuia.

"Maadui wameketi nje ya lango," akasema kwa sauti ya chini. "Wanangoja."