Rangi ya Bonde

Sekela alitengeneza mandhari ya mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Picha za setilaiti zilionyesha bwawa tu. Yeye akayafuta maji, akalirudisha bonde lililozama na kulipaka udongo mwekundu. Kisha akamwita mama yake, mzaliwa wa huko.

"Unapatambua, mama?"

"Milima ndiyo yenyewe. Udongo sio. Wetu ulikuwa kama majivu yaliyonyeshewa."

Akabadilisha rangi kidogo kidogo, mpaka mama akamshika mkono.

"Hapo hapo, mwanangu. Sasa tushushe ndege."

"Hakuna uwanja, mama."

"Tua shambani kwa baba yako. Maji yalikuja akiwa ameshavuna."

Ndege ikaanza kushuka. Mama akavua kandambili, akazishika mkononi, akiutazama udongo unavyokaribia.