Dhahabu ya Zamda

Kwenye kituo cha angani, ndoa haikuandikwa mpaka dhahabu ishikane. Bwana na bibi harusi walitoa vipande vyao nje, kusiko na hewa, kwa kuwa dhahabu safi ikibanwa pamoja huko huungana yenyewe bila moto.

Akiwa ukumbini, Zamda alishika usukani wa mkono wa mashine uliokuwa nje, akakibana kipande chake juu ya cha Makame, bwana harusi wake. Vikateleza. Akabana tena, vikateleza tena, na wageni wakaanza kunong'onezana.

"Nani amekigusa?" msajili aliuliza.

Bibi yake Zamda akajikohoza. "Nilikipaka mafuta ya asumini kidogo tu, mwanangu. Bi harusi hapelekwi mkavu kwa mume."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msajili akakielekeza kipande kwenye jua kali mpaka mafuta yote yakatoka kama mvuke. Safari hii vikashikana, na vigelegele vikajaa ukumbini.

Walipokabidhiwa dhahabu yao, Zamda aliipitishia kidole kutafuta mahali ilipoungana. Hapakuwa na alama.

"Changu ni upande upi?"

Makame alicheka. "Kwani kuna upande tena?"

Zamda naye akacheka, ila kidole chake kiliendelea kutafuta.