Panya wa Chumba Changu

"Miezi mitatu imeenda na maji," Profesa alisema. "Binti, saa ya taa umeitega kinyume. Panya wa chumba chako wamewashiwa taa usiku na kuzimiwa mchana. Niombe radhi, kisha ufungashe virago."

Nilikuwa nimeinamia trei mbili za mapafu, kila pafu dogo kama haragwe. Panya wote walivutishwa moshi ule ule, kwa kipimo kile kile, saa nne asubuhi. Mapafu ya chumba cha pili, ambako taa ziliwaka mchana kama kawaida, yalikuwa yamevimba, mekundu kama ini. Ya chumba changu yalikuwa laini, ya waridi, kana kwamba moshi uliyapita mlangoni.

Nilizisogeza trei zote mbili karibu naye.

"Njoo uone, Profesa. Moshi ni mmoja. Kilichotofautiana ni saa iliyomo miilini mwao."

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hebu pima wengine."

Nilipima wote kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyeniangusha.

Profesa alikohoa. "Hata hivyo, ile radhi bado naidai."

"Siombi," nilisema, nikavuta daftari.